Kola ya umeme: mbwa anajifunza nini hasa unapobonyeza?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa mbwa jijini Kampala kuna swali ambalo halichoki kurudi. Mtu anaandika kwamba mbwa wake, huko Najjera au Kyaliwajjala, anachomoka kila geti likifunguliwa na hasikii akiitwa. Je, anunue ile kola ya umeme? Wa kwanza anajibu kwamba huo ni ukatili na umeme utamuua mnyama. Wa pili anasema yeye anayo na mbwa wake ametulia tuli. Wa tatu anaapa kwamba mbwa wote wa polisi hufundishwa hivyo hivyo. Wa nne, bila maneno mengi, anatuma kiungo cha duka la mtandaoni. Muulizaji anabaki palepale alipokuwa, ila sasa anajua bei.

Ubishi huo hauishi kwa sababu wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anawazia umeme wa ukutani, mwingine anawazia mtetemo mdogo tu, na wote wanaita jina moja. Kwa hiyo tuanze na kifaa chenyewe.

Kola ya umeme ni mkanda wa shingoni uliobeba kisanduku kidogo cha plastiki chenye betri ya kuchaji. Upande unaolalia shingo kuna pini mbili butu za chuma zinazopenya manyoya hadi kugusa ngozi. Amri ikifika, umeme kidogo hupita kutoka pini moja kwenda nyingine kupitia ngozi na misuli iliyo katikati. Aina za kola zinatofautiana kwa jambo moja: nani anatoa amri. Kuna ya rimoti, ambayo mtu ndiye anayebonyeza, hata akiwa mbali na mbwa kwa mamia ya mita. Kuna ya kuzuia kubweka, inayojiwasha yenyewe ikihisi koo likitetema au ikisikia sauti. Na kuna ya mpaka: waya unafukiwa kuzunguka kiwanja, au siku hizi mpaka unachorwa kwa GPS; mbwa akiukaribia kola inalia, akizidi kusogea inampiga.

Kola nyingi za rimoti zina vitufe vya kazi tatu, yaani mlio, mtetemo na umeme. Anayesema “yangu haiumi” huenda hajawahi kugusa kitufe cha tatu. Mtetemo si umeme, na kwa mbwa kiziwi ni njia nzuri ya kumwita: unamfundisha kwamba shingo ikitetema, ageuke akutazame, apewe kitu. Ingawa hata hapo wapo mbwa wanaoruka kwa hofu mtetemo ukianza, kwa hiyo neno “mtetemo tu” nalo lisemwe kwa uangalifu.

Je, umeme wenyewe utamuua? La. Mkondo ni mdogo mno, unakuja kwa mapigo mafupi mno, na unaishia palepale shingoni. Vile vidonda vya kutisha vinavyosambazwa kwenye picha, ambavyo watu huviita vya kuungua, kwa kawaida vinatokana na kubanwa: kola imekazwa, pini zimekandamiza ngozi sehemu moja mchana na usiku, damu haipiti, ngozi inakufa. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe huonya isivaliwe kutwa kucha na isogezwe shingoni kila baada ya saa chache. Katika hali ya hewa yetu kidonda cha namna hiyo hakikai salama. Nzi wakishakiona, funza hawako mbali.

Zipo namba za rimoti pia, nazo zinadanganya watu. Nyingine zinafika 100 au zaidi, lakini 20 ya kampuni moja si 20 ya nyingine, na 20 ya asubuhi kavu si 20 ya jioni baada ya mvua. Mchukue mbwa wa Spitz, wale weupe wa manyoya mengi wanaopendwa sana Kampala. Pini hazifiki ngozini, mbwa hashtuki, mwenye mbwa anapandisha namba, anapandisha tena. Siku mbwa amelowa, au mkanda umekazwa vizuri kuliko jana, ile namba kubwa inamfika yote kwa mara moja. Mwenye mbwa atakuambia alianza polepole, na hasemi uongo.

“Haimuumizi, inamkumbusha tu”

Hili ndilo neno la wauzaji, na ndilo ninalotaka tulikalie, kwa sababu likieleweka mengine yote yananyooka.

Mnyama hujifunza kwa matokeo. Akifanya jambo likaleta kizuri, atalirudia. Likileta kibaya, ataliacha. Na likikomesha kibaya ambacho kilikuwa kinaendelea, atalirudia pia, ili apate nafuu. Wakufunzi wa kisasa wa kola ya umeme, wale wanaojitenga na wabonyezaji ovyo, hutegemea sana njia hiyo ya tatu. Wanatafuta kiwango cha chini kabisa ambacho mbwa anakihisi: sikio linacheza, kichwa kinageuka, anajikuna. Kisha wanamwita huku wamebonyeza, wanamvuta kwa kamba, na akianza kuja wanaachia. Baada ya siku kadhaa mbwa anajua kwamba kuja ndiko kunakozima kile kitu shingoni.

Sasa jiulize: anakimbilia kukizima kwa nini? Kwa sababu kinamkera. Kama hakimkeri, hana sababu ya kukizima, na somo halipo. Huwezi kuuza kifaa kwa kusema mbwa hakijali, halafu useme hapohapo kwamba mbwa anatii kwa sababu yake. Mkufunzi mkweli atakubali kwamba anatumia usumbufu, kisha atetee kiasi chake. Huyo unaweza kujadiliana naye. Anayekuambia mbwa anahisi “mguso wa upendo” anauza.

Kukubali hilo hakumalizi mjadala. Hata kamba inakera ikikaza, na sindano ya chanjo inauma. Swali zito zaidi ni hili: mbwa anapohisi kile kitu shingoni, anadhani kimetoka wapi, na kimekuja kwa sababu gani?

Tazama nyaya za umeme ambazo Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imezivuta kando ya hifadhi kama Queen Elizabeth ili kuzuia tembo wasiingie mashambani. Tembo akigusa anapigwa; asipogusa hapigwi. Waya hauna hasira, hauchelewi, hausahau, na upo palepale kesho. Tembo anajua adui ni waya, anakaa mbali na waya, basi. Kola ya rimoti nayo inatumia umeme, lakini waya wake ni kidole cha mtu: mtu aliyechelewa sekunde mbili kwa sababu alikuwa anajibu simu, aliyekasirika kwa sababu jirani amemfokea, ambaye leo anabonyeza mbwa akichomoka na kesho anamwacha kwa sababu kuna wageni.

Mwaka 2007 watafiti wa Hannover, Ujerumani, walionyesha jambo hili kwa mbwa wa beagle. Kundi moja lilipigwa umeme pale tu mbwa alipogusa mnyama wa bandia wanayemfukuza. La pili lilipigwa mbwa alipokosa kutii alipoitwa. La tatu lilipigwa ovyo, bila mpangilio ambao mbwa angeweza kuung’amua. Walipopima kotisoli kwenye mate, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa shinikizo, kundi la kwanza halikupanda sana; la tatu ndilo lililopanda kuliko yote; la pili likawa katikati. Umeme ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni kama mbwa aliweza kuelewa umetoka wapi na ataukwepaje.

Kwa hiyo maumivu ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni kueleweka. Na kueleweka kunahitaji mkono wa mtu aliyesomea, anayeona bega la mbwa likigeuka kabla mguu haujanyanyuka. Katika nyumba nyingi za Kampala na Wakiso, mkono huo ni wa nani? Mwenye nyumba yuko kwenye foleni ya Jinja Road. Rimoti iko kwa askari wa getini, au kwa kijana wa shamba, au, ikifika likizo ya shule, kwa watoto. Mbwa huyohuyo anaitwa “kuja” na askari, “jjangu” na kijana wa shamba, na kwa Kiingereza na bosi. Kisha anapigwa umeme kwa kutosikia. Hapo hajaasi. Hajui anaambiwa nini.

Utafiti unasemaje, bila upendeleo

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanywa na Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2014. Walikuwa mbwa 63 wenye tatizo lilelile la muulizaji wetu: wakiitwa hawaji. Waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilifundishwa kwa kola na wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wa kola wenyewe, maana yake hawakuchukuliwa wababaishaji. La pili lilifundishwa na wakufunzi haohao bila kola. La tatu lilifundishwa na wakufunzi wa njia ya zawadi. Wenye mbwa wa makundi yote waliona nafuu, na kola haikuleta matokeo bora kuliko njia nyingine, ila mbwa wake walionyesha dalili nyingi zaidi za shinikizo. Takwimu hizo zilipochambuliwa upya mwaka 2020, mbwa wa zawadi ndio walioonekana kuitikia vizuri zaidi.

Kabla yake, mwaka 2004, watafiti wa Uholanzi waliwaangalia mbwa wa German Shepherd wa mafunzo ya ulinzi. Waliowahi kufundishwa kwa umeme walionyesha hofu hata wakiwa wanatembezwa tu, hakuna mafunzo, mwenyewe akiwa karibu. Yaani walikuwa wamejifunza kwamba bwana wao akiwapo, lolote linaweza kuwapata. Mtu alitaka kumfundisha mbwa kuhusu amri, mbwa akajifunza kuhusu mtu.

Haki itendeke: upo utafiti unaosema kinyume. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichukua mbwa 19 wanaokimbiza kitu kinachokwenda kasi, wakalinganisha kola na chakula. Waliovishwa kola waliacha kukimbiza haraka. Wa chakula hawakuacha. Wa kola walitoa milio ya maumivu walipopigwa, lakini watafiti hawakuona dalili nyingine za madhara katika vipimo walivyotumia. Wakosoaji wanasema wale wa chakula walipewa muda mfupi mno kwa somo gumu kama lile. Mimi naona jibu la Arizona ni la kweli kwa swali lililoulizwa: kuzuia mbwa asikimbize kitu, haraka, mikononi mwa wataalamu. New Zealand hutumia kola kwa kazi inayofanana na hiyo, kuwafanya mbwa waogope ndege kiwi ambaye haruki na anaangamizwa na mbwa kirahisi.

Kwa mtu wa Luweero ambaye mbwa wake ameanza kuua mbuzi wa majirani, hoja hiyo ina uzito. Mbwa wa namna hiyo hukumu yake kijijini ni panga au sumu, na mwenyewe analipa mbuzi. Nisingemcheka mtu huyo akiuliza habari za kola, mradi apate mtu anayeijua kazi, na najua kumpata si rahisi. Lakini kamba inazuia mbuzi wasiuawe kuanzia leo jioni, haihitaji chaji, na kila duka la vifaa vya shamba linayo.

Matatizo ambayo watu hununulia kola

Wengi Kampala hawana tatizo la kiwi wala la mbuzi. Wananunua kola kwa ajili ya kubweka, geti, au ukali.

Kubweka kwanza, maana hapo kuna kichekesho. Mtu anafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mbwa anabweka, jirani anapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa LC1, yaani uongozi wa mtaa, na mwenye mbwa ananunua kifaa cha kumnyamazisha mlinzi wake. Kola inayojiwasha haijui kutofautisha mwizi ukutani na paka barazani. Zile za bei rahisi zinazotegemea sauti huweza kuwashwa na mbwa wa jirani: yeye anabweka, wako anapigwa. Na sababu ya kubweka inabaki. Mbwa wengi wa mjini hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Hawatembezwi, hawaongeleshwi, wanachokiona ni miguu inayopita chini ya geti. Ziba uwazi huo kwa bati, sogeza banda lisitazame barabara, mtoe alfajiri nusu saa kabla jua halijawa kali, na utashangaa kelele zinavyopungua. Kubweka usiku mtu akiruka ukuta kutabaki, na ndiko ulikokuwa unakutaka.

Kuchomoka getini ni habari nyingine. Dume asiyehasiwa akinusa jike mwenye joto mitaa mitatu mbele, anaondoka, na amekwisha pima kwamba inalipa. Kuhasi kunapunguza uzururaji wa madume kwa kiasi kikubwa, na hufanywa mara moja. Jambo la pili ni la fundi wa kuchomelea: geti dogo la ndani, futi nne tu, ili lile kubwa likifunguliwa gari liingie mbwa awe nyuma ya kizuizi. Najua halina mvuto wa rimoti.

Ukali ndio unaonitia wasiwasi. Mwaka 1962 Roger Ulrich na Nathan Azrin waliweka panya wawili waliokuwa wametulia katika chumba kimoja, wakawapitishia umeme miguuni. Panya waligeukiana wakapigana. Hawakuwa na ugomvi; walikuwa na maumivu, na aliyekuwa karibu ndiye aliyeonekana kuwa chanzo. Sasa mfikirie mbwa anayeifokea bodaboda ikipita. Anaitazama, anapigwa umeme. Kwa akili ya mbwa, bodaboda imemuuma. Baada ya mara kadhaa anaichukia kuliko alivyoanza. Akibonyezwa kila akimngurumia mtoto wa mgeni, anaweza kuacha kunguruma, na hapo ndipo watu husema kola imefanya kazi. Kunguruma lilikuwa onyo lake. Alichobaki nacho ni meno. Katika nchi yenye kichaa cha mbwa, ambacho dalili zikishaanza hakina tiba, kuumwa si jambo la kupaka dawa na kusahau: jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mtu aende hospitali kuchanjwa siku hiyohiyo.

Mbwa aliyebadilika ghafla, jana mpole leo mkali, aonwe na daktari wa mifugo kabla ya lolote. Sikio lililooza ndani, jino, kupe, nyonga: mbwa anayeumwa hataki kuguswa, na kumwongezea maumivu shingoni ni kumkosea mara mbili.

Chama cha madaktari wa mifugo wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba mbwa wote, wakiwamo wenye ukali, wafundishwe kwa njia za zawadi. Nimeutaja kwa sababu mara nyingi watu husema zawadi ni za mbwa wadogo wa kupakatwa.

Na mbwa wa polisi je?

Dhana hii imeota mizizi kwa sababu watu huona mnyama anayetii kwa neno moja na kudhani nyuma yake lazima pawe na kipigo. Mbwa wa kunusa anafanya kazi kinyume kabisa. Tangu 2016 Mamlaka ya Wanyamapori imekuwa na mbwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe, kwa ushirikiano na African Wildlife Foundation ambao hufundisha mbwa na askari wao Usa River, karibu na Arusha. Wanatafuta pembe za ndovu na magamba ya kakakuona kwenye mizigo. Mbwa hajui pembe ni nini kisheria. Anachojua ni kwamba akiikuta harufu ile, akakaa kimya mbele ya sanduku, atatupiwa mpira wake. Humlazimishi mbwa kunusa kwa bidii. Anayeogopa kukosea ataacha kujaribu, na mbwa asiyejaribu hapati kitu.

Wengine husema hizo ni mbinu za mbwa wa mbegu, kwamba mbwa wetu wa kienyeji haelewi mpaka fimbo. Waende Gulu. Huko, Francis Okello Oloya, ambaye mwenyewe alipofushwa na bomu akiwa mtoto, alianzisha mwaka 2015 mradi wa Comfort Dog chini ya shirika la BIG FIX Uganda. Mbwa wanaokotwa mitaani, wanachanjwa, wanahasiwa, wanafundishwa, kisha wanaishi na manusura wa vita vya kaskazini ambao bado wanasumbuliwa na majinamizi na hofu. Ni mbwa walewale waliokuwa wakirushiwa mawe sokoni. Kazi yao ni kukaa karibu na mtu anayetetemeka wakati mwingine usiku, na mbwa aliyefundishwa kwa hofu hawezi kazi hiyo.

Kuhusu sheria, nitapita haraka. Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani ilifunga mlango mwaka 2006, Wales ikapiga marufuku mwaka 2010, na Austria nayo hairuhusu. Uingereza serikali iliwasilisha bungeni rasimu ya kanuni mwaka 2023 zianze tarehe 1 Februari 2024 kwa upande wa England, siku ikafika hazikuanza. Marekani kola zinauzwa kwa uhuru sehemu kubwa ya nchi. Kwetu tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama ya mwaka 1957, iliyotungwa kabla kifaa hiki hakijaingia sokoni, kwa hiyo haikitaji kwa jina. Lakini inakataza kumtesa mnyama na hata kumtia hofu kuu. Mtu aliyenunua kola kihalali bado anaweza kuitumia kwa namna inayovunja sheria hiyo.

Kumfundisha kuja, kwa mukene

Kwa swali la awali, la mbwa asiyekuja akiitwa, jibu langu ni usinunue. Tumia kamba ya mita 10 na mfuko wa mukene mkavu, yaani dagaa. Mukene ni bei nafuu, unanuka mbwa anavyopenda, na kipande kimoja ni kidogo kiasi kwamba unaweza kutoa hamsini bila kumharibia posho yake ya jioni.

Chagua neno moja, na nyumba nzima ilitumie hilo hilo, askari akiwamo. Anza ndani ya ua, mbwa akiwa na njaa kidogo, umbali wa hatua tatu. Taja neno mara moja, mbwa akigeuka tu, mpe mukene. Usiliimbe mara kumi. Mbwa akisikia neno mara kumi bila maana, linakuwa kelele kama redio ya jirani. Siku anapokuja kila mara, sogea hatua kumi. Kisha nje ya geti na kamba ndefu ikiburuta chini: asipokuja humfokei, unakanyaga kamba, unamkaribia, unaanza upya karibu zaidi. Kamba inakuwa kazini wiki nyingi, na watu wengi hushindwa hapa kwa kuivua mapema.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi yote: kumwita mbwa ili umwadhibu, umfungie, au umwogeshe. Akichomoka akarudi mwenyewe baada ya saa nzima, ukampiga, hajifunzi kwamba kutoroka ni kubaya. Anajifunza kwamba kurudi ni kubaya. Meza hasira, mpe mukene wake, kisha kaongee na fundi wa geti.

Na kama kola tayari umeshainunua, si lazima ipotee. Kwa aina nyingi pini hufunguka kwa mkono, zitoe. Tumia kitufe cha mlio peke yake: bonyeza ilie, toa mukene, rudia siku kadhaa ndani ya ua hadi mbwa akisikia mlio anakukimbilia. Hapo una kengele ya kumwita hata akiwa mwisho wa kiwanja. Ivue kila usiku, papasa ngozi chini yake kwa vidole, ukikuta pamevimba au pana unyevu iache mpaka papone. Kitufe cha umeme kizibe kwa utepe mgumu, na rimoti iwekwe juu ya kabati, watoto wasiifikie.